Je, Wajua? Mita Nyingi Hufia Kabatini

Siku moja ya soko hapa Longisa, kijana mmoja aliniletea mita yake ya kupimia umeme, imefungwa kwa gazeti kama mkate. Ilikuwa ile ya sindano, aina ya YX-360, ambayo mafundi wengi wa redio walijifunzia kazi.

"Mwalimu, imekufa, na sikuiangusha."

"Mara ya mwisho uliitumia lini?"

"Kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Mwaka juzi."

Nilifungua skrubu ya mgongoni. Mawe mawili, yaani betri, yalikuwa yamenasa mle ndani. Kwenye mkia wa moja, ule upande bapa, palikuwa na kitu cheupe kilichoganda kama unga wa mahindi ulionyeshewa. Springi ilikuwa imegeuka kijani. Waya mweusi uliotoka hapo kwenda kwenye bodi ulikatika nilipougusa, na shaba yake ndani ilikuwa nyeusi kama makaa.

"Haijafa bado," nilimwambia. "Imeachiwa mawe tumboni."

Je, wajua kwamba mita ya sindano haihitaji betri kabisa ili kupima volti? Umeme unaopimwa ndio unaoisukuma sindano. Mawe yaliyomo ndani yanahitajika tu unapopima ukinzani, yaani omu, au unapochunguza kama waya umekatika. Na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anapima betri ya gari, anapima paneli ya sola, sindano inapanda vizuri, naye anaamini mita yake ni nzima. Mawe yanaweza kumalizika mwaka huu, yakavuja mwakani, na mwenye mita asitambue lolote, kwa maana kazi yake ya kila siku haiyaulizi mawe habari zao.

Ipo njia rahisi ya kuyauliza. Weka swichi kwenye omu, gusanisha ncha mbili za mita, kisha zungusha kile kirekebishi kidogo hadi sindano ifike sifuri. Ikikataa kufika hata umezungusha hadi mwisho, mawe yamechoka. Usiseme utayabadilisha ukipata nafasi. Yatoe hapo hapo.

Mita za tarakimu zina ugonjwa wao, na huo ni wa hatari zaidi kwa binadamu kuliko kwa mita. Nyingi za bei nafuu hutumia betri ya volti 9. Betri hiyo inapodhoofika sana, mita hupoteza kipimo chake cha ndani cha kulinganishia na huanza kuonyesha volti nyingi kuliko zilizopo. Betri ya sola yenye volti 11 inaweza kuonekana ina 12 na zaidi, nawe ukamwambia mwenye nyumba kwamba mtambo wake ni mzima. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, usiendelee kupima.

Na je, wajua kwamba ndani ya hiyo betri moja ya volti 9 mna betri ndogo 6 zilizopangwa pamoja, kila moja ya volti 1.5? Ikivuja moja kati ya hizo, zote zimekwisha.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe, maana watu wengi hudhani ni ubovu wa kiwandani tu. Zipo aina mbili za mawe zinazouzwa sana madukani kwetu, na kila moja huvuja kwa njia yake.

Ya kwanza ni ya zinki na kaboni, mtoto wa betri aliyoibuni Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner aliikausha, ikawa betri ya kubebeka isiyomwagika. Hii ndiyo iliyowasha tochi na redio za bibi zetu. Kopo lake ni la zinki, na zinki hiyo hiyo ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane. Fikiria chungu kinachopikwa pamoja na mboga: kadiri unavyotumia betri ndivyo ukuta wake unavyokonda, hadi unatoboka na ute wa ndani unatoka. Kwa hiyo betri ya aina hii iliyotumika hadi mwisho huvuja kwa urahisi ikiachwa. Imeumbwa hivyo.

Ya pili ni ya alkalini, iliyopata umbo lake la leo mikononi mwa Mkanada Lewis Urry miaka ya 1950, akifanya kazi katika maabara ya Parma, Ohio, Marekani. Kopo lake ni la chuma na haliliwi. Ila ndani mna potasiamu haidroksidi, kemikali kali ya jamii ile inayotumika kutengenezea sabuni, na zinki yake hutoa gesi ya haidrojeni polepole hata betri ikiwa imelala. Betri ikiisha kabisa gesi huzidi. Kizibo cha mkiani kimetengenezwa kipasuke kwa makusudi, ili betri isilipuke, na hapo ute hutoka. Ukikutana na hewa, hugeuka kuwa ule unga mweupe, potasiamu kaboneti. Hiyo ni chumvi ile ile iliyomo kwenye majivu ya kuni ya jikoni mwetu. Lakini usiuonje wala kuushika kwa mkono mtupu, kwa sababu chini ya unga mkavu huenda pakawa na ute mbichi. Ukihisi vidole vinateleza kama vimepakwa sabuni, ujue ni kweli vinageuka sabuni: mafuta ya ngozi yako yameanza kuliwa.

Jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kazi hii ni kwamba ute huo hutembea. Hupenda upande wa hasi na hutambaa juu ya chuma, hata kupanda. Ukiupata waya, huingia chini ya plastiki yake na kusafiri humo gizani hadi kwenye bodi. Ndiyo maana ule waya mweusi wa kijana ulikuwa umeoza ndani na nje unang'aa. Fundi anayesafisha springi na kuuacha waya amefanya nusu ya kazi. Ukate waya hadi uione shaba nyekundu. Shaba nyeusi haishiki risasi hata ulehemu kutwa nzima.

Je, wajua kwamba betri za zamani za alkalini zilitiwa zebaki? Zebaki iliizuia zinki isitoe gesi. Lakini zebaki ni sumu kwa maji na samaki, na sheria za Ulaya na ile ya Marekani ya mwaka 1996 ziliiondoa kwenye mawe ya kawaida. Viwanda vikatafuta dawa nyingine, kama madini ya indiamu na bismathi. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, hata kama umetuachia sisi wenye mita kazi ya kukumbuka kufungua kifuniko.

Hapa kwetu jina la betri kwa miaka mingi lilikuwa Eveready. Kiwanda chake cha Nakuru kilifunguliwa mwaka 1967, na mawe yake makubwa yenye picha ya paka yalifika hadi duka la mwisho la kijijini. Kampuni iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2006, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, kwa kushindwa kushindana na betri za bei rahisi kutoka nje, taa za sola na simu zenye tochi. Waliokulia kwenye vilima hivi vya chai wanakumbuka mawe yakipangwa juani asubuhi, au kando ya jiko jioni, ili redio imalizie taarifa ya habari. Wengine waliyang'ata. Je, ilisaidia? Joto lilisaidia kidogo, maana huharakisha kemikali za ndani na nguvu hurudi kwa dakika chache. Lakini ni joto hilo hilo linaloharakisha kutoboka. Redio ngapi zilioza tumbo kwa sababu ya taarifa ya habari ya mwisho!

Na shuleni, mawe yaliyokufa yalipasuliwa, unga mweusi wa ndani ukapakwa ubaoni hadi chaki ionekane tena. Unga huo ni manganizi dioksidi iliyochanganywa na kaboni. Tuliufurahia sana. Leo nisingemwacha mtoto afanye hivyo, kwa sababu vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo.

Turudi kwenye mita ya kijana, kwa kuwa ilipona. Mawe yake yalikuwa ya alkalini, na alkali hutulizwa na asidi. Nilivaa glavu na miwani, nikayatoa mawe kwa kijiti, nikakwangua unga mkavu juu ya gazeti, kisha nikachovya pamba ya masikio kwenye maji ya ndimu na kuigusisha polepole. Ilitoa povu. Siki ya jikoni pia hufaa. Povu lilipokoma nilifuta kwa pamba yenye maji safi, halafu kwa spiriti, nikaiacha wazi hadi kesho yake. Springi niliisugua kwa raba ya penseli. Msasa sikuutumia, kwa sababu huondoa ile ngozi ya nikeli na baada ya hapo chuma hushika kutu upesi. Mwisho nilipaka mafuta ya mgando, kiasi cha kung'arisha tu, na kulehemu waya mpya.

Angalia hapa lakini: ingekuwa betri ya zinki na kaboni, ndimu isingefaa. Ute wake wenyewe una asidi kidogo, kwa hiyo hutulizwa kwa maji yenye chembe ya magadi, kisha maji safi. Kabla ya kusafisha, soma kwanza maandishi ya kwenye betri. Kama imeandikwa alkalini, ndimu. Kama haikuandikwa hivyo na ni nyepesi mkononi, magadi.

Na usichanganye jiwe kuukuu na jipya. Katika mita yenye mawe mawili, jipya humsukuma mwenzake aliyekwisha hadi humgeuza, hasi ikawa chanya, na hapo gesi hujaa haraka. Ukibadilisha moja, badilisha yote, na ya aina moja. Kwa anayeweza kumudu, betri za kuchaji za nikeli huvuja kwa nadra sana, ingawa volti yake ni 1.2 na baadhi ya mita za sindano zitakataa kufika sifuri. Za lithiamu zisizochajiwa, zile nyepesi za gramu 15 hivi badala ya 23, ndizo ninazoweka kwenye kifaa ninachojua kitakaa muda mrefu. Ni ghali. Springi iliyooza ni ghali zaidi, kwa kuwa haiuzwi popote karibu nasi.

Kifaa kinacholala zaidi ya mwezi, toa mawe, yatie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, na uufunge kwa mpira kwenye mita ili usiyapoteze. Andika kwa kalamu ya wino mzito mwezi na mwaka ulioyaweka. Kwa wanafunzi nawaambia hivi: shule ikifungwa, mawe yanatoka. Kwa watu wazima nimechagua Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, kwa sababu kila mtu yuko nyumbani. Siku hiyo fungua kila kitu chenye kifuniko: mita, tochi, rimoti, mizani, redio ya marehemu baba. Yaliyokwisha usiyatupe chooni wala motoni. Yaweke kwenye kopo kavu hadi yapate mahali pa kupelekwa.

Usingoje Desemba, hata hivyo. Kama una mita ambayo hujaigusa tangu mwaka jana, chukua bisibisi jioni hii uifungue. Tazama mkia wa kila jiwe na ule waya mweusi. Hata ukikuta pakavu na pang'aavu, yatoe.