Je, Wajua? Kiingilio cha poka huanzia stendi

Mchezaji wa poka wa Korogwe au Handeni hulipa mara mbili: stendi na mezani. Tuseme kiingilio cha mashindano Dar es Salaam ni shilingi 50,000, na nauli, gesti na wali maharage vimekula 80,000. Ukiambulia zawadi ya 100,000, umerudi na hasara ya 30,000, tena ukiwa miongoni mwa washindi! Kwa kawaida wachezaji 85 hivi kati ya 100 hutoka mikono mitupu, ndiyo maana wazoefu hutenga akiba ya viingilio 50 hadi 100. Mwenye 1,000,000 (hela ya mbegu za mahindi haimo) meza yake ni ya 10,000 au 20,000, na aisubiri siku ana shughuli nyingine mjini.