Njia za haraka za kupunguza msongo wa mawazo

Njia za haraka za kupunguza msongo wa mawazo ni mazoezi mafupi ya pumzi, misuli na hisi ambayo hutuliza mwili ndani ya dakika chache. Neno "msongo" linatokana na kitenzi "kusonga", yaani kubana au kukandamiza, kile kile cha kusonga ugali. Anayesongwa na mawazo hujieleza hivyo hivyo: kifua kimebana, kichwa kimejaa.

Mwili unaposongwa

Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba mwili hujibu madhara ya aina nyingi kwa namna moja. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli katika damu. Moyo hudunda kasi, pumzi hufupika na misuli hukaza.

Hali hiyo humfaa mtu anayemkimbia nyoka, lakini haimfai anayesubiri. Kwa mfano, katika kata ya Muze, iliyo katika Bonde la Rukwa chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, Novemba ni mwezi wa wakulima kutazama mawingu na wa wanafunzi wa kidato cha nne kufanya mtihani wa taifa. Hapo hakuna wa kumkimbia wala wa kupigana naye, ila mwili hujiandaa vile vile, siku baada ya siku.

Pumzi

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mapigo, lakini pumzi anaweza kuitawala, na moyo huifuata. Avute hewa kwa pua huku akihesabu hadi 4, kisha aitoe taratibu akihesabu hadi 6, kwa dakika 3 hadi 5. Hizo ni pumzi 6 hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20. Kutoa pumzi polepole huipa nafasi neva ya vagasi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Kosa la kawaida ni kujaza kifua kwa nguvu. Likileta kizunguzungu, mtu arudie pumzi yake ya kawaida.

Misuli na hisi

Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alitoa mwaka 1929 kitabu kuhusu kulegeza misuli. Kwa ufupi, mtu hukaza ngumi, mabega au miguu kwa sekunde 5 hivi, kisha huachia. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo dawatini kabla karatasi hazijagawiwa, na hakuna atakayemwona.

Zoezi la hisi ni kukanyaga ardhi kwa uthabiti, kupumua polepole, kisha kutaja kimoyomoyo vitu unavyoviona na sauti unazozisikia. Mawazo hayafukuzwi, huachwa yapite. Zoezi la namna hiyo limo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, Uganda. Walikutana kwa vikundi mara 5, wakisikiliza maelezo yaliyorekodiwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi 3 baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao wasioshiriki.

Mipaka

Pombe na sigara pia hutuliza haraka, na ndiyo hatari yake. Pombe huvuruga usingizi wa usiku ule ule; nikotini ikipungua mwilini huacha wasiwasi ambao sigara inayofuata huonekana kuutibu.

Mazoezi haya hayaleti mvua wala hayalipi deni. Kukosa usingizi au kukata tamaa kukizidi wiki 2, au mtu akiwaza kujiua hata mara moja, aende kituo cha afya bila kusubiri. Watoto nchini Tanzania wanaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.