Utunzaji wa Mfumo wa Oili katika Mashine Kuukuu za Boti: Mtazamo kutoka Ufuo wa Bamburi

Utangulizi

Ufuoni Bamburi, boti za wavuvi huegeshwa jirani na zile za kioo zitembezazo wageni katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Baadhi ya boti hizo husukumwa na mashine kuukuu za mipigo miwili. Ndani ya mwamba maji huwa matulivu. Nje yake, hasa majira ya kusi, mawimbi hayana huruma. Mashine ikizimika huko, nahodha asiye na tanga wala kasia hubaki na nanga na dua. Makala hii inakusudia kueleza sababu moja ya mashine hizo kufa ghafla, yaani ukosefu wa oili, na namna ya kujikinga nao.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Injini ya mipigo minne huhifadhi oili yake chini, ikazunguka na kurudi. Ile ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha beringi za krenki, pistoni na kuta za silinda, kisha huungua na kutoka pamoja na moshi. Kwa hivyo, injini huhitaji oili mpya kila inapozunguka.

Kuna njia mbili za kuifikisha. Ya kwanza ni kuchanganya kwa mkono, kama ifanywavyo kwa Yamaha Enduro. Kwa kipimo cha 50:1, lita 25 za petroli huhitaji mililita 500 za oili. Ya pili ni pampu. Katika mashine nyingi za Yamaha zenye mfumo huu, pampu huendeshwa na gea kutoka kwenye krenki, na ufito huiunganisha na kabureta ili oili iongezeke kasi inapoongezeka. Kwa upande wao, Johnson na Evinrude zilileta mwaka 1984 mfumo wa VRO, ambao hutumia msukumo wa hewa ya ndani ya injini kuvuta petroli na oili kwa pamoja.

Faida ya pampu ni kwamba mwendo ukiwa mdogo oili hupungua, moshi hupungua na plagi hazichafuki upesi. Hatari yake ni kwamba oili ikikatika, petroli huweza kuendelea kufika. Mashine huendelea kunguruma kana kwamba haina dosari, hadi pistoni inapovimba kwa joto na kung'ang'ania silinda.

Hatua za utunzaji

Kwanza, tangi la oili likaguliwe kabla ya kila safari. Maji au uchafu ukionekana chini, limwagwe na kusafishwa pamoja na chujio lake. Itumike oili yenye alama ya TC-W3. Oili ya gari haikutengenezwa kuungua na petroli, nayo huacha majivu.

Pili, mipira iliyokauka au kupasuka ibadilishwe, na vibano vyake vikazwe. Ufa mdogo huingiza hewa, na povu la hewa huzuia oili.

Tatu, mpira ukishafunguliwa, hewa sharti itolewe: skrubu ya pampu hulegezwa hadi oili itoke bila mapovu. Wakati huo tangi la petroli liwe na mchanganyiko wa 50:1, kwani pampu haijathibitishwa.

Nne, ufito wa pampu ulinganishwe na alama zake, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Tano, honi ya tahadhari ijaribiwe nchi kavu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini honi iliyoliwa na chumvi haitoi dalili yoyote.

Hatimaye, kiwango cha oili kiwekewe alama tangini. Ikiwa petroli imepungua na oili imebaki palepale, pampu haifanyi kazi, hata kama mashine inavuma vizuri. Fundi akiamua kuachana na pampu, lazima kila tone la petroli lichanganywe tangu siku hiyo, na kila atakayeiendesha boti aarifiwe.

Hitimisho

Mafundi husema injini iliyokwama "imenoki". Mwanafunzi wa istilahi atazame jinsi neno hilo lilivyokubali viambishi vyetu: ilinoki, itanoki, isinoki. Gea, plagi na beringi nazo zimepata ngeli bila kikao cha kamati. Wajibu wetu ni kuyaandika maelezo ya kazi hii kwa lugha ambayo nahodha ataielewa, kwa kuwa kitabu cha mashine kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua hakitamfaa atakapokuwa nje ya mwamba.