Zamu Inapobadilika, Mtoto Asisahauliwe

Je, umepata kulala hospitalini pamoja na mtoto mchanga? Basi umeona ya kuwa asubuhi na jioni wauguzi hubadilishana. Aliyekesha huenda nyumbani kupumzika, na mwingine huingia.

Saa hiyo ni fupi, lakini ina hatari. Mtu mzima aweza kusema, "Dawa nimekwisha kupewa." Mtoto mchanga hawezi. Akisahauliwa hupoa, hulegea, hunyamaza, na watu hudhani amelala.

Fikiri mtoto wa kilo moja na nusu. Yampasa kupata maziwa ya mama kila saa mbili au tatu. Mwuguzi wa usiku adhani wa asubuhi atamnywesha. Wa asubuhi adhani amekwisha kunywa. Saa sita zapita bure. Au fikiri sindano ya gentamisini. Mtoto mchanga kwa kawaida hapewi zaidi ya mara moja kwa siku. Isipoandikwa, aweza kudungwa mara mbili, nayo dawa hiyo ikizidi huharibu figo na masikio. Wauguzi wote wawili ni wema. Kosa limepita katikati yao.

Kwa hiyo yafaa kupokezana zamu hivi:

1. Wasimame wote wawili penye mtoto, si mlangoni. Wamguse miguu: ina joto? Wahesabu pumzi zake: 40 hata 60 kwa dakika ni vema.

2. Wasome jina la mama mkononi mwa mtoto, hasa kwa mapacha, maana wengi hawajapewa majina bado.

3. Wasome kitabuni uzito, joto, maziwa, mkojo, na kila dawa na saa yake. Wahenga husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, si zaidi mtoto?

4. Anayeondoka aseme kazi iliyobaki, na jambo analoliogopa.

5. Anayepokea arudie yote kwa kinywa chake. Ndipo mwenzake aende.

Katika hospitali 9 za watoto za Marekani na Kanada, waganga walifundishwa kupokezana kwa utaratibu wa namna hii. Habari zao za mwaka 2014 zaonyesha makosa yalipungua kwa 23 katika kila 100. Nasi hapa Sange twaweza kuanza kwa kitabu, kalamu na subira.

Nawe mama, una kazi yako. Sikiliza wanaposema. Kama mwanao hajanywa tangu alfajiri, useme. Si utovu wa adabu. Ninyi wageni, ngojeni nje kidogo, wauguzi wasikizane. Lakini mtoto akiwa baridi, akikataa kunyonya, au akipumua kwa shida, iteni mara moja, hata katikati ya mazungumzo yao.

Mtoto na apite mkono kwa mkono, asianguke katikati.