MANENO MACHACHE YA KUUZIA MALI



Karafuu zetu hununuliwa na Shirika la ZSTC kwa bei iliyotangazwa. Hazitaki maneno; zataka kuanikwa vyema na kuondolewa makonyo. Lakini mdalasini, pilipili manga na asali kila mmoja hujiuzia, na hapo ulimi una kazi.

Husemwa, chema chajiuza. Kweli, kwa mtu akijuaye, mgeni hakijui.

Tuchukue mfano wa Ikungi, mkoani Singida, penye wakulima wa alizeti. Barabara kuu ya Dodoma na Singida yapita hapo. Amwuziaye msafiri mafuta ya alizeti ana dakika chache tu kabla gari halijaondoka. Basi yampasa aseme manne: ni mafuta gani, yamekamuliwa wapi, kipimo gani, bei gani.

Kisha aiondoe shaka kabla ya kuulizwa. Mnunuzi huogopa mafuta yaliyochanganywa. Kwa hiyo afungue chupa, mtu anuse na kuonja. Asiape, kwani kiapo huzidisha shaka.

Nasi tufanye vivyo hivyo: mwenye mdalasini avunje kipande, mwenye asali aonjeshe. Mwisho tuulize, “Nikupimie kiasi gani?” kisha tunyamaze, mnunuzi ajibu.