Mwalimu na Mwanafunzi (5): Jembe Lililowatenga

Gumzo la mwaka 2028 limerudi. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia, waliobaki na utaratibu wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 makundi yote mawili yatapiga hodi kidato cha kwanza. Mjadala umejaa hesabu za vyumba vya madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Sijamsikia anayeuliza mwalimu atawajuaje watoto wote hao. Nitalifikia swali hilo. Ila niruhusuni nipitie shambani kwanza, maana wiki iliyopita tuliachana chuoni, mwalimu wa Kurani na wanafunzi wake wakiwa wamekaa mkeka mmoja, nami niliahidi kueleza mkeka huo ulikunjwa lini.

Elimu ya Kujitegemea, kijitabu cha Machi 1967, hutajwa na wengi na kusomwa na wachache. Anayekumbuka humo jembe peke yake hajakisoma. Aliyekiandika, Mwalimu Nyerere, alikuwa ameshika chaki: St Mary's Tabora tangu 1946 hadi 1949, kisha Pugu tangu 1953 mpaka alipoacha kazi Machi 1955 kwa ajili ya siasa. Alitaka shule iwe jumuiya, na walimu, wafanyakazi na wanafunzi waishi humo kama wazazi, ndugu na watoto wa familia moja. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba, hesabu zitunzwe vizuri, na waamue nao mapato yatumikeje. Mbolea isomwe darasani, kisha ionekane ikifanya kazi ardhini. Jembe liliwekwa pale ili mwalimu na mwanafunzi wakutane mahali pasipo na meza ya kujificha nyuma yake.

Kuna mahali jambo hili lilijaribiwa kwa dhati. Kwamsisi, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo cha Ualimu Korogwe kilishirikiana na shule ya msingi ili masomo yatokane na kazi za kijiji, na mwalimu ahesabiwe mwanakijiji. Ningekuwa na uwezo, kila anayesomea ualimu leo angesoma habari za Kwamsisi kabla hajakabidhiwa chaki.

Mimi nilibahatika kumpata mwalimu mmoja wa aina hiyo. Alikuwa wa kwanza kufika shambani, suruali kaikunja hadi magotini. Tulifunga kamba kwenye vijiti, tukapima matuta, nusu ya mahindi tukayatia samadi na nusu tukayaacha. Kila Ijumaa tulipima urefu kwa rula na kuandika kwenye madaftari. Mwenzetu mmoja, ambaye darasani hakuwa akifungua kinywa, ndiye aliyeona tundu la bungua kwenye bua kabla ya mwalimu. Mwalimu akamwita kwa jina, akampa wembe, akamwambia alipasue atuonyeshe. Yule mwenzetu hakuacha kushika mkia kwenye mitihani, lakini alianza kunyoosha mkono.

Shule nyingi jembe liligeuka, na hapo ndipo mkeka ulipokunjwa. Shamba la shule likawa shamba la mwalimu mkuu kwa jina jingine, na mapato hayakusomwa hadharani. Watoto walibeba maji na kuni hadi nyumbani kwa mwalimu. Aliyechelewa namba alipewa tuta, aliyepiga kelele darasani alipelekwa kung'oa kisiki. Najua wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba hayo yaliwakomaza. Sikatai kwamba walikomaa. Nauliza tu mbona wengi wao wameapa mtoto wao hatashika mpini, na mbona wakikutana na yule mwalimu stendi wanageuza uso. Kazi ukishaifanya adhabu, mtoto ataichukia pamoja na anayeisimamia.

Ndipo likaja Azimio la Musoma la 1974, na lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE) likasogezwa karibu, hadi 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha: kwa redio, kwa masomo ya posta, na kwa wakufunzi waliozunguka vijijini. Mpaka leo kumwita mtu mwalimu wa UPE ni kumtukana. Mimi nawatetea. Elimu yao ilikuwa ndogo, hilo halina ubishi, na wapo waliokosea hesabu ubaoni. Lakini wengi walifundisha karibu na kwao. Walijua nani amelala njaa, nani kafiwa, na nani analelewa na bibi asiyeona. Mwalimu wa leo mwenye shahada, anayeshushwa na bodaboda asubuhi na kuondoka nayo saa tisa kwa sababu shule haina nyumba ya kumweka, atayajulia wapi hayo?

Asiyewajua watoto hukimbilia fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mzazi akiwa na nafasi apite shuleni aombe kukiona kitabu hicho.

Nirudi kwenye 2028. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, na kwangu hiyo ni nafasi ya pili ya kufanya lililoharibika shambani: mwalimu ashike randa au jembe yeye mwenyewe, mwanafunzi akiwa pembeni yake, waharibu na kurekebisha pamoja. Lakini tazama hesabu. Tuseme darasa lina watoto 90: madaftari 90, kila moja dakika mbili, ni saa tatu za kusahihisha, kwa somo moja na darasa moja. Na watoto 90 wakizunguka randa moja, wataona walio mbele. Waliobaki wataandikiwa ubaoni jinsi randa inavyoshikwa. Hapo amali itakuwa imani tu, na mwalimu atamaliza muhula hajui jina la aliyekaa dirishani.

Kwa hiyo madarasa yajengwe, lakini fungu lilelile lijenge na nyumba za walimu. Vipindi vya amali vigawanywe kwa makundi madogo, hata kama ni kwa zamu za mchana. Na mwalimu wa darasa aliyepokea watoto kidato cha kwanza aachwe nao hadi cha nne, asibadilishwe kila Januari.

Wewe mwenye mtoto katika makundi hayo mawili, kwenye mkutano wa wazazi wa kwanza usiishie kuuliza michango. Simama uulize mwalimu wa darasa la mwanao ni nani, anaishi wapi, na amepewa watoto wangapi. Wiki ijayo tutaingia bwenini.