Je, Wajua? Dini Kama Mbinu ya Kujenga Dola: Kutoka Kwenye Gemu Hadi Bonde la Ruvuma

Vijana wengi siku hizi wanajenga dola kwenye simu na kompyuta. Wanaanzisha mji, wanalima, wanafanya biashara, wanapigana, kila mchezaji kwa zamu yake. Wengi wao hukimbilia jeshi. Wachache hujaribu njia ya dini: kushinda dunia nzima bila kuteka hata mji mmoja. Leo safu hii inaipima njia hiyo kwa historia ya kusini mwetu, hasa kijiji cha Kitaya na bonde la Ruvuma, ambako mbinu hizo zilijaribiwa na watu wa kweli karne nyingi kabla ya kompyuta.

1. Je, wajua kwamba gemu maarufu kuliko zote za aina hii, Civilization ya Sid Meier, ilianza mwaka 1991 bila mchezaji kuweza kuanzisha dini na kuieneza? Nafasi hiyo ilikuja na toleo la nne, mwaka 2005. Dini 7 ziliingizwa, Uislamu na Ukristo zikiwemo, na kila moja ilianzishwa na taifa lililotangulia kugundua elimu fulani.

2. Je, wajua kwamba toleo hilohilo hufunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili? Unaitwa Baba Yetu. Mtunzi wake ni Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata. Lugha iliyochaguliwa kubeba heshima hiyo ni ya pwani yetu.

3. Je, wajua ushindi wa dini unapatikanaje? Katika toleo la sita, lililotoka mwaka 2016, dini yako lazima ifuatwe katika zaidi ya nusu ya miji ya kila taifa lililobaki mchezoni. Taifa moja likikataa, hujashinda. Ndiyo maana mchezaji wa dini lazima amjue kila jirani, hata yule wa mwisho wa ramani.

4. Je, wajua kwamba katika toleo hilo dini husambaa yenyewe kupitia misafara ya biashara? Mji wenye imani huishinikiza miji ya karibu polepole, na msafara ukipita, imani hupita nao. Hapa waliotengeneza gemu wameusema ukweli wa pwani yetu. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya misikiti ya miti iliyoanza karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Hakuna jeshi lililoleta Uislamu huo. Uliletwa na kaskazi na wafanyabiashara waliokaa, wakaoa, wakazika wafu wao hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

5. Je, wajua kwamba Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ni mmoja wa viongozi unaoweza kuwachagua katika toleo la saba, la mwaka 2025? Alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu kwa masharifu na wanavyuoni waliomjia kutoka mbali. Sultani huyo alitumia utajiri wa biashara ya dhahabu kuukuza mji wa dini na elimu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani bado umesimama, na tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

6. Je, wajua Zanzibar imo ndani ya gemu? Katika toleo la sita ni mji huru wa biashara. Taifa linalopata urafiki wake mkubwa kuliko mengine hupewa karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana kwingine kokote kwenye ramani.

7. Je, wajua nani waliivusha dini kutoka pwani hadi bara la kusini? Ni Wayao, wasafiri hodari wa njia ya Kilwa na Ziwa Nyasa. Walibeba pembe za ndovu, na katika biashara hiyo walikuwemo pia watumwa, jambo ambalo hatuna budi kulitaja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 machifu wao wakubwa waliingia Uislamu, na walimu wa Kurani wakafuata njia zilezile za misafara.

8. Je, wajua kwamba mizinga ilishindwa palepale biashara ilipofanikiwa? Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, lakini mwaka 1512 wakaondoka, na Kilwa ikabaki ya Waislamu. Mombasa kisa ni kizito zaidi. Mwana wa mfalme, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwaka 1631 alimuua kamanda wa Kireno, akaiteka Ngome ya Yesu na kurudia Uislamu. Imani ya kulazimishwa inaweza kumkaa mtu mwilini miaka mingi bila kumfika moyoni.

9. Je, wajua kwamba yupo kiongozi wa Kiafrika katika toleo la sita ambaye haruhusiwi kuanzisha dini kabisa? Ni Mvemba a Nzinga wa Kongo. Badala yake hunufaika na mafundisho yote ya dini iliyoenea katika miji yake mingi. Kanuni hiyo imetokana na historia: mfalme huyo alibatizwa kwa jina la Afonso na kuufanya Ukristo kuwa dini ya dola yake mwanzoni mwa karne ya 16. Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alicheza kwa namna nyingine. Aliwapokea Waislamu, kisha Waanglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, akawasikiliza wote bila kumkabidhi yeyote ufalme wake. Mizani hiyo ilivunjika baada ya kifo chake, na Buganda ikaingia katika vita vya dini.

10. Je, wajua kwamba Mto Ruvuma ulikuwa jaribio la kwanza la UMCA, misheni ya Kianglikana? Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na David Livingstone waliingia mtoni humo kwa meli iitwayo Pioneer. Maji yakapungua, meli ikakosa kina, wakarudi. Walikwenda kujaribu upande wa Zambezi na Shire, na Mackenzie akafariki huko Januari 1862. Mchezaji yeyote wa dini analijua somo hili: kabla ya kumtuma mmisionari, chunguza njia na majira.

11. Je, wajua misheni hiyo ilifanikiwa vipi mara ya pili? Ilianza na lugha. Edward Steere alikaa Zanzibar akajifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha sarufi. Mwaka 1876 akaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka pwani ya Lindi kwenda bara, nao wakaweka makazi Masasi. Wangoni waliwashambulia mwaka 1882, lakini mbegu haikufa. Masasi ikawa dayosisi mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, ambaye hakulipiga vita jando. Alishirikiana na wazee, likafanyika jando la Kikristo. Gemu inakuruhusu kuongeza mafundisho mapya kwenye dini yako, lakini haina kanuni ya kukaa na wazee wa kijiji na kukubaliana nao.

12. Je, wajua kwamba kusini ilizaa imani iliyounganisha makabila mengi ndani ya muda mfupi? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na ujumbe kwamba wote ni wamoja mbele ya Mjerumani. Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine walisimama pamoja katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Risasi hazikugeuka maji. Watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 walikufa, wengi kwa njaa. Imani iliweza kuwaunganisha watu, ila haikuweza kuwa ngao ya mwili.

13. Je, wajua kwamba baada ya vita hivyo dini zote mbili, Uislamu na Ukristo, zilikua kusini? Misheni za Wabenedikto za Lukuledi na Nyangao zilichomwa mwaka 1905. Mwaka uliofuata wakaanzisha Ndanda, ambayo watu wa Mtwara na Lindi wanaijua hasa kwa hospitali yake. Upande wa pili, walimu wa tarika waliwapokea watu wa kila hali, hata waliowahi kuwa watumwa, kwenye dhikiri moja. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisambaa Lindi ikihimiza toba, na watawala wa Kijerumani wakashtuka: karatasi moja ilikuwa imetembea kuliko amri zao.

14. Je, wajua yaliyoipata Kitaya? Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba kwa kutumia jina la dini. Katika gemu majengo yaliyoharibiwa hutengenezwa kwa zamu chache. Kitaya walikufa wazazi na watoto wa watu, na hakuna zamu itakayowarudisha. Jambo hilo lisiitwe mbinu ya dini. Ni uhalifu.

15. Je, wajua gemu inakosea wapi zaidi? Inamhesabu kila raia chini ya dini moja na kumfanya mfuasi wa dini nyingine kuwa pengo la kujaza. Kusini kwetu ukoo mmoja una Hamisi na Petro. Wanazikana, wanaozana, wanapelekeana pilau siku ya Idi na Krismasi. Mchezo haujapata kanuni ya kuhesabu ushindi wa namna hiyo.

16. Je, wajua namna ya kuanza ukitaka kuijaribu njia hii kwenye toleo la sita la gemu? Jenga eneo takatifu mapema, kwa sababu idadi ya dini zinazoweza kuanzishwa ina kikomo na anayechelewa hukosa. Tuma misafara mingi ya biashara kabla ya wamisionari. Ulinde mji ulikozaliwa imani yako. Epuka vita na unaotaka kuwahubiria, kwa sababu vita vikianza askari wao wanaruhusiwa kuwaondoa wahubiri wako.

Ndugu msomaji, na hasa wewe kijana unayecheza usiku hadi betri inaisha, cheza na ujifunze. Ukimaliza, mfuate bibi au babu yako umuulize dini iliingiaje kwenye ukoo wenu: ni nani aliyetangulia, alifundishwa na nani, alipita njia gani. Andika majibu yake, maana historia hiyo haimo ndani ya gemu yoyote, na wanaoijua wanazidi kupungua.